Usiufuate Ukuta: Yanayofundishwa na Udongo wa Lamu na Malindi

Kijana anayetaka kuwa mwanaakiolojia akifika Shanga kisiwani Pate, au Takwa kule Manda, au Gede njia ya kwenda Malindi, macho yake huenda kwenye mawe kwanza. Si ajabu. Kuta za matumbawe bado zimesimama, mihirabu ina nakshi, makaburi ya nguzo yanachungulia juu ya vichaka. Hamu ya kuchukua koleo na kuusafisha ukuta mpaka msingini humjia hapo hapo. Hamu hiyo ndiyo ya kwanza kuizuia, kwa sababu kosa linaloharibu magofu mengi kuliko mengine ni kuchimba mtaro kando ya ukuta, kuufuata kona hadi kona.

Umri wa ukuta haumo ndani ya ukuta. Hujulikana kwa mambo matatu: mtaro wa msingi uliochimbwa na waashi wakati wa kujenga, sakafu iliyogusana na ukuta baada ya kujengwa, na kifusi kilichouangukia nyumba ilipohamwa. Kigae, yaani kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika, kikiwa kimezikwa ndani ya mtaro wa msingi ni cha kabla ya ujenzi au cha wakati ule ule. Kilicholala juu ya sakafu ni cha maisha ya nyumba. Mtu akichimba akiufuata ukuta, hukata sehemu ile ile ambapo sakafu na ukuta zilikutana, na kuanzia siku hiyo ukuta umebaki peke yake, hauna mwaka. Hakuna chombo cha maabara kitakachourudishia. Njia salama ni kukata handaki linaloupitia ukuta kwa msalaba, kuacha udongo umesimama pande zote mbili, kisha kusoma matabaka kwenye kingo za handaki.

Jambo hili lina uzito kuliko ufundi. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na Neville Chittick akachimba Manda mwaka 1966. Kazi yao ni kubwa na bado tunaitumia, lakini enzi yao ilitazama mawe na vyombo vya ng'ambo kwanza, na hitimisho lililotoka ni kwamba miji hii iliasisiwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Mark Horton alipochimba Shanga kati ya mwaka 1980 na 1988, alishuka chini ya msikiti wa Ijumaa na kukuta misikiti mingine imerundikana mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Kuzunguka hapo kulikuwa na nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji vya aina ile ile inayopatikana Mto Tana na sehemu nyingi za bara. Watafiti wa Afrika Mashariki wenyewe, George Abungu na Chapurukha Kusimba nchini Kenya na Felix Chami nchini Tanzania, waliendeleza hoja hiyo kwa kuchimba na kulinganisha vyungu vya pwani na vya bara. Mji wa mawe ulikuja juu ya mji wa udongo, na watu wake walikuwa wenyeji tayari. Anayetaka kuwajua hao wa mwanzo hana budi kujifunza kuiona nyumba isiyo na ukuta.

Nyumba ya udongo ikianguka huwa udongo tena. Kinachobaki ni mashimo ya nguzo. Utaona duara la udongo mweusi kuliko unaolizunguka, upana wa sentimita 10 hadi 20, laini ukiligusa kwa ncha ya mwiko wa mwashi. Ukilichota lote kwa pupa umelipoteza. Hukatwa nusu kwanza, kama kukata papai, nusu iliyobaki ikachorwa na kupigwa picha, ndipo ya pili ikatolewa. Chini ya shimo la kweli la nguzo huwa na udongo ulioshindiliwa au mawe madogo ya kukazia. Shimo la mzizi hupinda na kuendelea. Shimo la kaa hushuka kwa mshazari na ndani yake kuna mchanga mpya, mara nyingine na jani bichi.

Kaa na mchwa wanastahili kutajwa peke yao, maana vitabu vya nchi za baridi haviwazungumzii. Wakati wa kutafuta mahali pa kuchimba wanatusaidia: kifusi cha shimo la kaa au kichuguu huleta juu vigae vidogo, mkaa na shanga za kioo, hivyo mtafiti mwenye busara huinama kwenye kila kichuguu. Wakati wa kuchimba ni maadui. Ushanga wa karne ya 15 hudumbukia kwenye shimo la kaa ukalala katikati ya vigae vya karne ya 9, na asiyeliona shimo ataandika kwamba biashara ya shanga zile ilianza miaka 600 kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kila tabaka jipya likifunuliwa, hukwanguliwa safi, hunyunyiziwa maji kidogo kwa bomba la bustani ili rangi zijitokeze, na mashimo yote ya wadudu na mizizi hutolewa kwanza, udongo wake ukawekwa mbali. Tabaka tunaloliamini zaidi ni lile lililofunikwa na sakafu ya chokaa isiyopasuka. Chini yake hapakuingia kitu baada ya fundi kuipiga.

Dalili za mji uliopotea zinajulikana na wenyeji kabla ya mtafiti kufika. Mibuyu iliyokusanyika pamoja, kisima kilichojengewa mawe msituni, udongo mweusi katikati ya mchanga mweupe, makome na chaza yaliyotapakaa mbali na ufuo, shamba ambalo jembe hugonga vigae. Majina ya mahali nayo ni ramani, na wazee huyajua. Ndiyo maana siku za mwanzo ni za kukaa barazani na kuuliza, kabla ya kutembea porini kwa mistari iliyoachana mita 10. Pale penye majani mazito yasiyoonyesha ardhi, huchimbwa mashimo ya majaribio ya upana wa sentimita 50, kila mita 20, na kila kigae huhesabiwa. Ukiyachora mashimo hayo kwenye karatasi, mipaka ya mji hujitokeza yenyewe.

Vibali navyo huchukua muda kuliko kuchimba. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuchimba bila leseni, na vitu vinavyopatikana ni mali ya taifa. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kuna kujisajili na Makumbusho ya Taifa, kuna ofisi za kaunti na chifu. Sampuli inayokwenda maabara ya nje inahitaji kibali chake. Anza miezi sita kabla.

Halafu kuna maji. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa hili, lakini wanafunzi wa bara hupata tabu. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na vijito vya mikoko vya kuingilia Takwa, havipitiki maji yakitoka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na katikati ya asubuhi yamekauka. Ratiba ya kazi hupangwa na nahodha kabla ya kupangwa na profesa. Masanduku mazito ya vigae huhamishwa maji yakiwa yamejaa, la sivyo hubebwa kichwani kwenye tope. Msimu mzuri ni Januari hadi mwanzo wa Machi, na tena Agosti na Septemba. Masika yakikukuta handaki liko wazi, kingo zitamomonyoka usiku mmoja. Mchanga wa Manda na Shanga hauna huruma: handaki likizidi kina cha mita 1.2 lazima likatwe kwa ngazi, na udongo uliotolewa urundikwe angalau mita moja kutoka ukingoni.

Kupima mraba hakuhitaji mitambo ya bei. Vigingi, kamba, futikamba mbili, timazi na pimamaji vinatosha. Pembe ya mraba hupatikana kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Mraba wa mita 2 kwa 2 uwe na mshazari wa mita 2.83, na ukizidi au kupungua kwa sentimita tatu rudia, maana kosa dogo leo litazidi kukua kila mtakapoongeza mraba mwingine. Nukta ya kupimia kina iwekwe kwenye kitu kisichosogea, kama jiwe la ukuta imara. Mti haufai, na kigingi cha mtu mwingine hufungiwa mbuzi.

Udongo wote hupita kwenye chekeche. Hapa ndipo historia nzima hupotea kwa sababu ya wavu. Chekeche ya matundu ya milimita 5 hushika vigae na mifupa ya mbuzi, lakini shanga nyingi za kioo zina upana wa milimita 2 hadi 4, na miiba ya samaki wadogo ni myembamba zaidi. Mtafiti mwenye wavu mkubwa huandika kwamba watu wa mahali hapo hawakufanya biashara na walikula mbuzi tu. Sehemu ya kila tabaka ichekechwe kwa wavu wa milimita 2, na ndoo mbili za udongo, lita 20 hadi 40, zitengwe kwa kuelea. Udongo hutiwa kwenye pipa la maji, ukakorogwa polepole kwa mkono, na mbegu zilizoungua huja juu na kumiminwa kwenye kitambaa chenye matundu ya milimita 0.3. Kwa njia hii ndipo hujulikana walilima nini: mtama, uwele, wimbi. Mbegu zianikwe kivulini. Jua la Lamu hupasua mkaa ukawa vumbi. Visiwani maji matamu ni haba, na wengine hushawishika kutumia maji ya bahari. Chumvi yake hukauka ndani ya kigae na kukimenya baada ya miezi. Afadhali udongo ukaushwe, ufungwe, upelekwe penye maji.

Sasa vigae vyenyewe. Kigae cha kijani cha China kikitoka, kila mtu handakini husimama kukitazama, na kile cheusi cha chungu cha kupikia hutupwa kwenye karai bila neno. Tabia hiyo iondolewe mapema. Vya kienyeji ndivyo vingi kupita kiasi katika kila mji wa pwani, na ndivyo vinavyosema watu walipika nini, wangapi walikula pamoja, na majirani zao walikuwa nani. Vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10 hutambulikana kwa shingo iliyochanjwa mistari ya pembetatu, na mapambo hayo hayo yanaonekana kutoka Lamu hadi kusini mwa Tanzania na ndani ya bara. Kila ukingo wa chungu hupimwa kwa karatasi ya miduara kujua upana wa mdomo, huchorwa umbo la ubavu, huhesabiwa na kupimwa uzito. Kuhesabu bila kupima hudanganya, kwa sababu mtungi mmoja mkubwa ukivunjika hutoa vipande mia.

Vya ng'ambo vina kazi yake: ni saa. Mitungi ya Ghuba ya Uajemi yenye rangi ya feruzi huashiria karne ya 8 hadi ya 10. Bakuli zilizochorwa kwa kukwaruza chini ya rangi ni za karne ya 11 hadi ya 13. Za manjano zenye michoro myeusi, kutoka Yemen, huzunguka karne ya 14. Za kijani za Longquan, huko China, huenda mpaka ya 15, kisha zile nyeupe zenye buluu za Uchina. Lakini saa hiyo ina ulemavu wake. Bakuli la China halikuwa chombo cha kutupa. Lilirithiwa, lilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, lilipachikwa kwenye kaburi la nguzo kama yale ya Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Kigae hicho kinasema tabaka si la zamani kuliko kilipotengenezwa, hakisemi zaidi ya hapo. Ukipata bahati, maandishi yatakusaidia: kaburi moja la Gede limechongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na vigae vilivyozikwa chini yake vikapata mwaka wa kuviegemea.

Kwa kaboni 14, kipimo cha maabara cha umri wa vitu vilivyokuwa hai, usipeleke boriti. Mkoko uliokatwa kwa nyumba moja hutumika tena katika ya pili na ya tatu, na mti wenyewe ulikuwa na umri wake kabla ya kukatwa. Peleka punje ya nafaka au kijiti chembamba. Chaza na kome huonekana wazee kwa takriban miaka 400 kuliko umri wao kwa sababu ya kaboni ya kale ya baharini, na ni lazima hesabu irekebishwe. Mkaa huokotwa kwa kibano cha chuma, si kwa vidole, na kufungwa kwenye karatasi ya alumini, mbali na jivu la sigara.

Sarafu ina adui mmoja, naye ni limau. Shanga ilitoa sarafu ndogo za fedha zilizopigwa na watawala wa hapo hapo, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Mtu mwema akiona kutu atataka kuisugua kwa limau au ukwaju kama sinia ya shaba. Asidi hula maandishi pamoja na kutu. Shaba, fedha na chuma visioshwe kabisa. Viwekwe kwenye kisanduku kikavu chenye vifuko vya kunyonya unyevu mpaka mhifadhi avione kwa hadubini. Vigae vya kienyeji huoshwa kwa brashi laini na kutolewa haraka, maana vile visivyoiva vizuri huyeyuka, na vichache viachwe bila kuoshwa ili mafuta yaliyonywewa na chungu yapimwe.

Mifupa ya watu ni mlango mwingine kabisa. Kibla cha Lamu na Malindi kiko kaskazini, kwa hiyo kaburi la Kiislamu hulazwa mashariki na magharibi, kichwa mashariki, mwili kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. Ukingo mrefu wa shimo wenye mwelekeo huo ukijitokeza, kazi husimama na wazee na imamu huitwa, kabla ya mfupa wowote kuguswa. Kama hakuna sababu ya kutosha, hufunikwa. Makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nayo yana miiko yake na wazee wake, na mtafiti huingia kwa masharti yao. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia mabaki kutoka Manda, Faza, Mtwapa na kwingineko, ulionyesha kwamba upande wa akina mama asili ilikuwa ya Afrika kwa sehemu kubwa, na upande wa akina baba mingi ilitoka Uajemi, kuchanganyika kukianzia karibu mwaka 1000. Ni matokeo ya thamani. Lakini wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya wenye cheo. Walioishi kwenye nyumba za miti hawamo, na makaburi yao hayana nguzo za kutuonyesha walipolala. Hapo pia mawe yametutangulia kusema.

Si kila kitu huchimbwa mahali kilipo. Katika pango la Panga ya Saidi, kwenye vilima vya nyuma ya pwani ya Kilifi, mabaki ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu yalikutwa karibu mita tatu chini ya sakafu ya pango, yamelala kwa muda wa miaka 78,000. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kuwa unga ukiigusa. Wachimbaji waliacha kuchimba, wakauzungushia udongo wote plasta, wakaunyanyua kama bonge moja na kuupeleka maabara. Kazi ilimalizika nje ya nchi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Anayeanza kazi hii aujue uwezo wa mwiko wake na mwisho wake. Plasta, bandeji na vipande vya mbao viwe kambini kabla havijahitajika.

Mzaliwa wa pwani ana mtaji asiojua anao. Anajua sehemu za nyumba ya mawe: daka la mlangoni, kiwanda (ua wa ndani), msana unaofuata, na ndani, chumba cha faragha, na akiona kuta nne ardhini anajua mgeni alikomea wapi na bibi alilala wapi. Anatofautisha chetezo na kikaango kwa kipande kimoja. Aongeze Kiarabu cha kusoma maandishi ya makaburi, kuchora, hesabu za takwimu, na shahada, inayopatikana Nairobi na Dar es Salaam. Kazi za kudumu ni chache: makumbusho, vyuo, kaunti. Zinazoongezeka ni za kukagua ardhi kabla ya ujenzi, hasa tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021. Mkaguzi wa kweli hutembea kabla ya tingatinga, wala hasaini ripoti ofisini.

Uvumi wa dhahabu utakuwapo katika kila kijiji, na dawa yake ni uwazi. Kazi ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isimame adhuhuri, Ijumaa iachwe, malipo yatolewe kila wiki mbele ya wote. Kila jioni meza iwekwe nje, kilichopatikana kipangwe, watoto na wazee wakione na kukigusa. Wakati wa kufunga, chini ya handaki hutandikwa karatasi ya nailoni au mifuko ya mchanga, kisha udongo ule ule hurudishwa, ili atakayechimba baadaye ajue tulipokomea. Handaki lililoachwa wazi huwa jaa, na mawe ya magofu huenda kuwa chokaa.

Wiki moja ya kuchimba huzaa wiki tatu au zaidi za mezani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kila mfuko uwe na lebo mbili, moja ndani, moja nje: jina la mahali, mraba, tabaka, tarehe, herufi za mwandishi. Ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hufifia kwa joto la stoo za pwani, na mfuko usio na jina, hata ukiwa na kigae kizuri kuliko vyote, hauwezi tena kurudishwa kwenye tabaka lake.